Bibi Relei Hajui Kujumlisha

Usiku wa jana niliota mayai yamekaa kikao, na mimi ndiye niliyechelewa.

Yalikuwa mia mbili sitini na nne, yote yamesimama kwenye trei zake ndani ya mashine ya kutotolesha ya shangazi yangu Semeni, ncha chini, kitako juu, kama inavyotakiwa. Mhandisi Nyagawa, bosi wangu, alikuwa ameketi katikati yao kwenye kigoda. Sikushangaa ameingiaje kwenye mashine yenye ukubwa wa kabati. Nilichoonea haya ni kwamba mimi sikuwa nimevua viatu.

Kabla sijafika mbali nieleze kwanza mambo ya mchana, maana ndoto haina adabu ya kueleza. Mimi ni fundi katika kituo cha kupoza umeme cha Lugendelo. Tuna transfoma moja kubwa, na mji mzima unaishi nyuma yake. Transfoma hiyo inalindwa na kifaa kidogo kiitwacho relei ya tofauti. Kazi yake ni rahisi kusimulia: inapima mkondo wa umeme unaoingia kwenye transfoma, inapima unaotoka, kisha inatoa huu kwa huu. Jibu likiwa sifuri, inakaa kimya. Jibu likikataa kuwa sifuri, maana yake kuna umeme unaopotelea humo ndani, transfoma inaungua tumboni, na relei inakata kila kitu kabla hujapepesa jicho.

Majuma matano yaliyopita tulibadilisha vipima mkondo vitatu vya upande wa kutokea. Tangu hapo relei imekata mara tatu, kila mara kiwanda cha chai kinapowasha mashine zake zote. Baada ya mara ya tatu kiwanda kikawa kinawasha nusu tu, na leo kinataka kuwasha zote tena. Mara zote tatu tulifungua, tukapima mafuta, tukanusa, tukagonga, hatukuona kitu. Kanuni inasema relei hii ikikata, transfoma ikaguliwe kabla ya kurudishwa kazini, na ukaguzi ni masaa manne.

Masaa manne ndiyo yaliyoua mayai ya kwanza ya shangazi. Nilimkuta uani anayapasua moja moja kwenye ndoo. Hayakuwa mayai yake. Alikuwa ameyakusanya kwa wanawake wa mtaa, nyumba arobaini na moja, kila nyumba ikatoa ya kuku wake, na kila nyumba ikaahidiwa vifaranga. Walimwonea huruma wakampa mengine. Haya ya sasa yana siku kumi na tisa, na yanaanguliwa siku ya ishirini na moja. Yakifa na haya, hakuna atakayempa hata la kukaanga.

Kwa hiyo jana jioni Mhandisi Nyagawa aliponipa karatasi ya kuruhusu relei izimwe kuanzia saa mbili asubuhi, sikubishana naye.

"Weka saini yako hapo, Tuganile," alisema. "Hii relei imeshikwa na wazimu. Mji umechoka, na mimi nimechoka kupigiwa simu."

Nilijua maana yake. Relei ikizimwa, kiwanda kinawasha mashine, taa zinaendelea kuwaka, mayai yanapata joto. Nilijua na upande wa pili: siku transfoma itakapoungua kweli, hakuna atakayeikatia, itaungua mpaka iishe, na nyingine haipatikani dukani. Mji utakaa gizani miezi. Moyo ulikataa, ila sikuwa na sababu ya kumpa. Nikasema nitasaini asubuhi, nikaenda kulala kwa shangazi, kwenye mkeka mbele ya mashine, karatasi mfukoni.

Basi, kikao.

Mwenyekiti lilikuwa yai la kahawia lenye madoa. Likaniambia nimechelewa. Nikaomba radhi.

"Tuna ajenda moja," likasema. "Relei anyamazishwe. Wajumbe mnasemaje?"

"Anyamazishwe," yakasema mayai.

"Kuna anayepinga?"

Yai moja dogo la trei ya chini likasema lenyewe halipingi, ila lina swali: relei akishanyamazishwa, nani atasema nyumba ikiungua? Mwenyekiti likajibu kuwa swali hilo halipo kwenye ajenda. Mhandisi Nyagawa alikuwa anaandika kumbukumbu za kikao kwenye ganda, kwa mwandiko mzuri kuliko ule anaotumia kazini. Kisha akaninyooshea kalamu.

"Naomba nimwone kwanza," nikasema.

"Umwone nani?"

"Relei. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Mayai yakanong'onezana. Mwenyekiti likasema, "Nenda. Ila ukitoka funga mlango, joto letu linapotea."

Nafungua mlango wa mashine. Nje si chumbani kwa shangazi. Nje ni uwanja wa kituo chetu, saa sita mchana, kokoto nyeupe, jua la utosi. Pale inapokaa transfoma kuna nyumba ya bati yenye lango la mbele na lango la nyuma, na ndani yake mtu mnene anavuma bila kupumzika. Ubavuni mwa nyumba, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi bibi mfupi aliyevaa miwani ya kioo cha mraba kilichopigwa lakiri. Sikio lake la kulia limefungwa nyuzi tatu zinazokwenda lango la mbele. La kushoto limefungwa nyuzi tatu zinazokwenda lango la nyuma.

"Kamwene, bibi," nikamwamkia.

"Kamwene. Sogea, unanivutia uzi."

Nasogea. Kwenye lango la mbele wanaingia majogoo, mmoja mmoja, kifua mbele, hawasalimii mtu.

"Hawa ni nani?"

"Umeme," akasema bibi.

"Umeme ni majogoo?"

"Ulitaka wawe nini?"

Nikatazama lango la nyuma. Kila jogoo aliyeingia mbele, nyuma walitoka vifaranga wanne. Mimi ni fundi, nikaona kosa hapohapo, nikamwambia bibi kwamba anaingia mmoja wanatoka wanne.

"Ndiyo desturi ya nyumba hii," akasema. "Mwenye nyumba anapokea wachache wenye kifua kikubwa, anatoa wengi wenye kifua kidogo. Jogoo mmoja ni vifaranga wanne. Niliambiwa siku ya kwanza nikakariri."

"Na hizi saa mbili za ukutani? Ya lango la mbele inaonyesha saa sita kamili, ya lango la nyuma inaonyesha saa tano."

"Nayo ni desturi. Hapa wanatoka saa moja kabla hawajaingia. Nimeshazoea."

"Sasa wewe hapo kichwani unafanya nini hasa?"

"Natoa," akasema bibi. "Walioingia, natoa waliotoka. Kujumlisha sijui, kuzidisha sijui. Natoa tu, tangu asubuhi mpaka asubuhi, miaka kumi na minane."

"Akibaki mmoja?"

"Mmoja namvumilia. Kuna anayesimama kudonoa. Wakipita wengi navumilia na zaidi, maana wengi hawahesabiki sawasawa. Lakini wakizidi kubaki, ujue sakafu imetoboka, wanatumbukia humo wanakuwa moshi. Hapo nafunga malango yote mawili. Simwulizi mtu ruhusa."

Ndani ya nyumba yule mnene akapiga miayo. Majogoo saba waliokuwa mlangoni wakavutwa ndani kwa mkupuo, na nyuma hakutoka hata kifaranga. Nikashika kichwa. Bibi hakutikisika.

"Mbona hufungi?"

"Miayo hiyo. Hupiga kila akiamka. Ina mlio wake, nausikiliza. Mtu kupiga miayo siyo mtu kufa."

Hapo barabarani, nje kabisa ya lango la nyuma, mkaratusi ukaanguka juu ya nguzo ya umeme na vikaanza kupigana, mti na nguzo, kwa matusi. Vifaranga wanatimka kwa maelfu kwenda kutazama ugomvi. Majogoo wanamiminika mbele kwa maelfu. Kokoto zinaruka. Paa la nyumba linapiga makofi.

"Bibi, kuna balaa," nikasema.

Bibi akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanga, akaivaa.

"Wameingia elfu moja, wametoka elfu nne. Sifuri."

"Lakini watu wanakimbia."

"Wanakimbia nje. Nje kuna mwenyewe." Akaelekeza kidevu. Mbali, mtaani, relei mwingine, mtu wa makamo mwenye shati la kazi, alitoka kibandani, akafunga lango la mtaa wake, akarudi kula. Vumbi likatulia. Mti ukamwomba radhi nguzo. "Kelele za mlango," akasema bibi, "hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi."

Nikamheshimu sana. Nikaona haya pia, maana kalamu bado ilikuwa mkononi mwangu, na ilikuwa inazidi kuwa nzito.

"Bibi, kuna watu wanasema una wazimu."

"Nani?"

"Mhandisi. Na mayai."

"Mayai nayo?" Nyuzi za masikioni zilitetemeka kidogo. "Mimi nilidhani ndio ninaowalinda."

Nilitaka kumwambia pole, nikaona pole haitoshi. Akaendelea mwenyewe. "Mara tatu nimefunga, na mara tatu nimesikia jambo ambalo sijalisikia miaka yote hiyo. Ngoja kiwanda kifungue kazi, utasikia na wewe."

King'ora cha kiwanda cha chai kinalia. Majogoo wanakuja kwa safu, mia nzima, wamefunga vitambaa vya wachuma chai kichwani. Bibi anainamisha kichwa na kuhesabu kwa sauti ndogo.

"Mbele wanaingia. Nyuma, uzi wa kwanza: wanatoka. Uzi wa pili: wanatoka. Uzi wa tatu..." Uso ukamkunjamana. "Uzi wa tatu: wanaingia."

Nikakimbiza macho nyuma. Vifaranga walikuwa wanatoka kwa milango yote mitatu ya lango lile, kwa utaratibu, wengine wameshikana mabawa.

"Bibi, wanatoka. Nawaona kwa macho yangu."

"Mimi sina macho, nina nyuzi. Hii miwani ni ya vumbi. Uzi unaniambia wanaingia mbele na wanaingia nyuma, na anayetoka hayupo. Nyumba ingekuwa imejaa mpaka kwenye mapaa. Mwanangu, wewe ungefanyaje?"

Nikaitazama tena milango ile mitatu.

"Nafunga," akasema. Akafunga.

Malango yakajipiga kwa pamoja. Kuvuma kukakoma. Jua lilikuwa palepale utosini lakini halikuwa na joto tena, na nyuma yangu nikasikia mayai mia mbili sitini na nne yanaanza kukohoa. Lile dogo la trei ya chini likasema halihisi tena kitako chake. Nikakimbia.

Kwenye lango la nyuma wamesimama walinzi watatu, kila mmoja kwenye mlango wake. Ni wapya, sare ya kijivu, bado wananuka rangi. Kila mmoja ana tundu kubwa tumboni, na vifaranga hupita humo. Kila mmoja ameshika uzi unaokwenda sikioni kwa bibi. Wawili wametazama barabara, mgongo wameupa nyumba. Wa tatu ametazama nyumba.

"Habari za kazi," nikamwambia yule wa tatu.

"Kazi njema."

"Wenzako wanatazama nje. Wewe mbona unatazama ndani?"

"Niliwekwa hivi."

"Na hawa wanaopita tumboni mwako unawasemaje?"

"Nasema kama nilivyofundishwa nilikotengenezwa. Anayetokea mgongoni kwangu, anatoka. Anayenijia usoni, anaingia. Hawa wote wananijia usoni."

Alisema bila ubishi. Hakuwa mwongo. Nikamwuliza nani alimweka pale.

"Fundi mmoja wa kike. Wenzangu aliwafunga akiwa amesimama ndani ya uwanja, mgongo wa kila mmoja ukimwelekea yeye. Alipofika kwangu ngazi haikukaa kwa sababu ya mtaro, akazunguka akapandia upande wa barabara. Akanifunga vilevile, mgongo ukimwelekea yeye. Mikono ilikuwa imeshazoea. Mimi sikuhama upande. Aliyehama ni yeye."

"Hukusema?"

"Walitujaribu siku ya Jumapili. Kiwanda kimefungwa, mji mzima uko kanisani. Kwangu walipita vifaranga watatu. Nikawataja wote watatu kwamba wanaingia. Bibi akadhani kuna wanaodonoa."

Ngazi ile naikumbuka. Mtaro naukumbuka, nilichafuka mpaka magotini. Jumapili ile mimi ndiye niliyesema tujaribu leo tumalize, tusisubiri Jumatatu, maana nilitaka kwenda kula ubwabwa wa harusi ya jirani. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya nikiwa macho. Yule bibi alikuwa anasema kweli tupu, kwa sikio bovu nililompa mimi, na mimi ndiye niliyetumwa kumfunga mdomo.

"Nikugeuze," nikasema.

"Nigeuze. Ila mambo mawili." Akainua uzi wake. "Huu usiukate wala usiuachie wazi wakati kuna anayepita tumboni mwangu. Ukiuachia nitapiga ukelele wa kukuua, na sitaki. Ufunge fundo kwanza. La pili, malango yafungwe kwa taratibu, asipite hata kifaranga mmoja mpaka umalize."

"Itachukua muda gani?"

"Nina bolti nne, nazo zimepigwa rangi. Dakika arobaini."

Nikatazama uwanja. Nilitaka kumwuliza bibi anisaidie kuyaambia mayai, lakini alikuwa ameketi na kichwa chake pembeni, anasikiliza malango yaliyofungwa, anatoa sifuri kwa sifuri. Mlango wa mashine nao haukuwapo tena nilipouacha. Nikauona ndani ya tumbo la mlinzi wa tatu. Nikaomba njia, nikainama, nikapita, na nilipopita nikamsikia akisema kwa uaminifu wake, "Anaingia."

Kikao kilikuwa kinaendelea. Mayai yalikuwa yamebanana.

"Umesaini?" Mhandisi Nyagawa akauliza.

"Sisaini. Relei hana wazimu. Mimi ndiye niliyemdanganya. Mlinzi wa tatu nilimfunga amegeuka, na siku ya kumjaribu nilikuwa na haraka ya ubwabwa."

Mhandisi alishusha kalamu yake. "Hilo la ubwabwa nisiliandike," akasema kwa upole.

"Andika."

Akaandika. Mwenyekiti likanitazama kwa madoa yake yote.

"Tukuelewe vizuri," likasema. "Unataka tusimnyamazishe aliyetutia baridi. Halafu unataka ututie baridi wewe mwenyewe, kwa hiari yako, sisi tukiwa tunaona."

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Dakika arobaini. Kabla kiwanda hakijafungua."

Makelele. Yai la trei ya pili likasema mafundi ndivyo walivyo, wakikosea wao wanaumia wengine. Nikasema ni kweli. Ndipo lile dogo la trei ya chini likaomba nafasi.

"Kuku anaondoka kwenye mayai yake kila siku," likasema. "Anakwenda kula, anaoga vumbi, anarudi. Hatujawahi kufa kwa sababu hiyo. Tunakufa akikaa huko."

"Wewe umejuaje, hata hujaanguliwa?" likauliza mwenyekiti.

"Nilikuwa chini ya mama yangu siku mbili kabla sijachangwa. Niliona."

Mayai mengine yakakumbuka nayo. Likaanza moja, likafuata jingine, kila moja na mama yake: mwenye shingo tupu, mwenye kishungi, mmoja aliyekuwa anatagia kwenye kapu la viatu. Mhandisi Nyagawa alipangusa macho akasema ni mvuke. Mwenyekiti likasubiri yamalize, likanigeukia.

"Dakika ishirini."

"Bolti ni nne."

"Thelathini."

"Zimepigwa rangi."

Likafikiri. Niliona kivuli cha kitu kidogo kikijigeuza ndani ya ganda. "Thelathini na saba," likasema, "na tufunikwe blanketi la shangazi yako. Lile la bluu. Lenye pundamilia linawasha."

"Nimekubali."

"Na ukirudi hapa dakika ya thelathini na nane, usituite wajumbe."

"Sawa."

Nikageuza ile karatasi ya kumnyamazisha bibi, nikaandika kwa nyuma kwamba mimi, Tuganile, naomba malango yafungwe dakika thelathini na saba ili nirekebishe kosa langu. Nikasaini. Kalamu ikawa nyepesi kama majani makavu ya chai. Mwenyekiti likaitisha kura, anayeafiki agonge ganda lake mara moja kwa ndani. Wakagonga. Walikuwa wengi, na hakuna aliyegonga pamoja na mwenzake, ikawa mlio mmoja mrefu usiokwisha.

Nikaamka. Uliokuwa unalia ni ubawa wa feni ya mashine. Ilikuwa saa kumi na moja na robo alfajiri, taa nyekundu ya joto inawaka, shangazi bado amejifungia chumbani kwake, na karatasi iko mfukoni mwangu, haijaandikwa kitu mbele wala nyuma.

Nilikaa kwenye mkeka nikajiambia ndoto ni ndoto. Kisha nikampigia Lutengano, mwendesha mitambo aliyekuwa zamu.

"Chukua tochi," nikamwambia, "nenda kwenye uzio, upande wa barabara. Usivuke uzio, usiguse kitu. Angalia vipima mkondo vipya. Kila kimoja kina alama upande mmoja, herufi P na tarakimu ya moja. Niambie alama zinatazama wapi."

"Dada, alfajiri yote hii?"

"Tafadhali, mdogo wangu."

Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto, mlango wa chuma, mbwa wa mtu. Nilisikia akipumua. Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

"Cha kwanza alama inatazama barabara," akasema. "Cha pili barabara. Cha tatu..." Kokoto zikalia tena. "Cha tatu inatazama transfoma. Mbona kimegeuzwa hiki? Nani alikifunga?"

"Mimi," nikasema.

Mhandisi Nyagawa alipokea simu mlio wa kwanza. Nikamwamkia, nikamwambia karatasi yake sitaisaini, kosa si la relei, kosa ni langu, na nikamweleza la ngazi, la mtaro na la Jumapili. Hata la ubwabwa nikamweleza. Nilingoja anigombeze, na angekuwa na haki. Aliguna kwa muda mrefu, kama mtu anayerudia hesabu.

"Kukosa si kosa," akasema hatimaye. "Lakini mwanangu, ungekuwa umesaini." Hakumalizia. Nilimsikia akitafuta viatu. "Haya. Tunazima sisi wenyewe saa mbili, kwa taratibu zote, kabla kiwanda hakijaanza. Unahitaji muda gani?"

Nikafungua mdomo kusema arobaini.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Shangazi Semeni alitoka na kitenge chake cha kulalia, mikononi amebeba blanketi la bluu, lile la pundamilia amelirusha nyuma kitandani. Sikuwa nimemwambia neno, wala simu sikuwa nimeipaza. Alilikunjua juu ya mashine, akalivuta pembe zote nne mpaka zikakaa sawa, akaacha tundu la hewa wazi.

"Mwambie thelathini na saba," akasema, bila kugeuka. "Na msizidishe hata moja."